Kutoka Marangu hadi Longyearbyen: siku sita kando ya barafu inayotembea

Nimerudi Marangu wiki tatu zilizopita, na kila ninayekutana naye stendi ananiuliza swali lile lile: huko kuna nini zaidi ya baridi? Nimekaa na kijitabu changu cha matumizi na picha zilizo kwenye simu, nikazipanga siku kama zilivyokwenda. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kuongoza wageni Kilimanjaro. Nilianza kwa kubeba mizigo, kama wagumu wengi wa rika langu, ndivyo tunavyowaita wapagazi. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, naijua kwa macho na kwa miguu. Ya kaskazini nilikuwa naisikia kwa wageni tu.

Kilichonipeleka ni ubatizo. Mdogo wangu ni muuguzi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na ameolewa huko. Wenzangu walinishangaa kuacha kazi Agosti, msimu wa juu kabisa, lakini mtoto wa kwanza wa dada hawezi kubatizwa mjomba hayupo. Ibada ikaisha salama Jumapili ya tarehe 17. Jioni shemeji akaniwekea bahasha mezani. "Shemeji, umeishi na barafu ya kwenu miaka yote. Nenda ukaione na ya huku." Ndani kulikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi Svalbard, vile visiwa vilivyo katikati ya Norwei na Ncha ya Kaskazini.

Neno la viza kabla sijaendelea, maana hapa ndipo watu wetu wanakwama. Svalbard iko chini ya Norwei kwa mkataba uliosainiwa Paris tarehe 9 Februari 1920, na yenyewe haimdai mtu viza. Lakini kwa ndege huwezi kufika bila kupita Norwei bara, na ukiruka kutoka Tromsø unahesabiwa umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja hataruhusiwa kurudi bara. Tangu unapojaza fomu, omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na andika wazi kwamba unakwenda Svalbard. Mdogo wangu alilijua hilo mapema, ndiyo maana nilifika.

Jumanne, 19 Agosti: ukungu

Tiketi ilisema saa 5 asubuhi. Askari wa pasipoti alinigeuzia kurasa zote, akauliza narudi lini, akagonga muhuri. Kisha tukakaa. Saa 5 ikawa saa 7, saa 7 ikawa saa 10. Uwanja wa ndege wa Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo, ulikuwa umezibwa na ukungu, na kwa ukungu hakuna wa kumlaumu.

Mdogo wangu alikuwa amenifungia chapati sita kwenye foili. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye mikono mipana, nikamkaribisha. Ya kwanza aliila kimya. Ya pili akauliza inapikwaje, nikamweleza unga unavyokandwa na kusukumwa na kukunjwa. Ndipo naye akanieleza yake: alichimba makaa ya mawe Longyearbyen miaka mingi, na mgodi wa mwisho wa Wanorwei huko, ule wanaouita Gruve 7, ulifungwa Juni 2025. Alikuwa anakwenda kumsalimia binti yake aliyebaki mjini.

Tuliruka saa 12 jioni, mwendo wa karibu saa moja na dakika arobaini. Mawingu yalipofunguka nilibandika uso dirishani. Mholanzi Willem Barentsz, aliyefika mwaka 1596, alikiita kisiwa kikubwa Spitsbergen, yaani milima iliyochongoka. Lakini karibu na mji milima mingi ina vichwa bapa kama meza, na kati ya meza na meza barafu imelala mabondeni, nyeupe juu, chafu kwenye ncha. Zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Svalbard iko chini ya barafu. Nilihesabu mabonde kumi na saba yenye barafu, nikaacha kuhesabu. Kwetu majina yote ya barafu iliyobaki unamaliza kuyataja kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Tulitua karibu saa 2 usiku na jua likiwa bado juu. Begi langu halikuja, na buti zangu zilikuwa ndani yake. Basi la mjini likaondoka nikiwa bado najaza fomu. Yule mzee alikuwa ameningoja nje na binti yake. Wakanipakia mpaka Nybyen, mwisho wa bonde, ambako mabweni ya zamani ya wachimbaji yamegeuzwa nyumba za wageni. Walikataa hela. Binti aliomba tu maelekezo ya chapati, akayaandika kwenye simu.

Huko, ukiingia nyumba ya wageni, makumbusho, hata kanisani, unavua viatu mlangoni. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la makaa. Mama mmoja Mfilipino anayefanya kazi pale aliviona viatu vyangu vyepesi vya lami kati ya mabuti ya wenzangu, akauliza ninavaa namba ngapi. Asubuhi nilikuta mabuti ya mume wake mlangoni, namba 43, soksi za sufu zimesokomezwa ndani.

Kitanda kwenye chumba cha watu wanne kilikuwa krona 780 kwa usiku. Krona moja nilihesabu kama shilingi 250. Na buti za kupandia zivaliwe ndani ya ndege. Ndivyo tunavyowaambia wageni wa Kilimanjaro, na huko inafaa zaidi.

Jumatano, 20 Agosti: mji juu ya nguzo

Mji una watu kama 2,500, kwenye nyuzi 78 kaskazini, na umepewa jina la Mmarekani John Munro Longyear, ambaye kampuni yake ilianza kuchimba makaa hapa mwaka 1906. Nyumba zina rangi nyekundu, manjano, kijani, na zote zimeinuliwa juu ya nguzo. Ardhi chini imeganda mwaka mzima. Kiangazi ni tabaka la juu tu linaloyeyuka, na nyumba ikikaa moja kwa moja juu yake, joto la ndani litaiyeyusha na nyumba itazama upande. Mabomba ya maji nayo yanapita juu ya ardhi, yamevikwa kama mtoto wa baridi. Juu ya nyumba, kwenye mteremko wa mlima Sukkertoppen, nikaona uzio wa chuma safu kwa safu. Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka pale, ikabomoa nyumba 11 na kuua watu wawili.

Kulungu wa kaskazini wanachunga kati ya nyumba kama mbuzi wa jirani, wafupi, wanene, hawakuogopi.

Dukani, mlangoni, kuna alama inayokataza kuingia na bunduki. Ndizi tatu, krona 24. Nilizishika nikazitazama muda mrefu: shilingi elfu sita, na kwetu migomba inaanzia ukutani mwa jiko. Nilinunua. Mkate, jibini na supu za pakiti vilinitosha siku tatu. Mchana nilikula kwa Wathai, wali na kuku wa pilipili, krona 195. Wathai na Wafilipino ni wengi pale, kwa kuwa mkataba hauulizi viza. Anayeweza kujilipia maisha anakaa. Anayetaka chakula chenye ladha ya kwetu atafute jiko lao.

Jioni nikapanda kanisani. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kama wengi wa Marangu, na kanisa lile la Kilutheri liko wazi usiku na mchana. Nilivua viatu, nikakuta sebule yenye viti vya kukalia kama nyumbani, birika la kahawa na sahani ya waffle. Mama aliyekuwa zamu alinipaka jibini yao ya kahawia juu yake, tamu, karibu na karameli. Alipojua nimetoka wapi aliniuliza kama ni kweli tuna theluji kwenye mstari wa Ikweta. Nikampa jibu la kweli: tunayo, ila tunaiona ikipungua.

Mwisho wa barabara kila upande kuna kibao cha pembetatu, dubu mweupe kwenye rangi nyeusi, na maneno yasemayo onyo linahusu Svalbard yote. Usipite hapo bila mtu mwenye silaha na anayejua kuitumia. Nililala na pazia nzito. Mwanga ulikuwa bado dirishani saa 6 usiku.

Alhamisi, 21 Agosti: Longyearbreen

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Matembezi ya saa sita, krona 1,390, pamoja na kofia ngumu na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Tulikuwa wanane. Kiongozi wetu alikuwa binti wa miaka kama ishirini na saba, bunduki begani, na kiunoni bastola ya kurushia fataki za kumtisha dubu. Alituhesabu mara mbili kabla ya kuondoka, akamweka mwenye pumzi fupi nyuma yake mwenyewe. Nikajua tuko mikononi mwa mtu wa kazi.

Kutoka Nybyen unaona mabonde mawili yanayokutana, kila moja lina barafu yake: Larsbreen na Longyearbreen. Kwa Kinorwei *breen* ni barafu yenyewe, ile ambayo vitabu vyetu vya jiografia huiita barafuto. Lakini hukanyagi barafu mara moja. Unapanda kwanza moreni, yaani kifusi ambacho barafu imekisukuma na kukibeba kutoka juu: mawe, changarawe, matope, yamelundikana marefu kuliko nyumba. Miguu inateleza, jiwe linazunguka, na ukichimbua kidogo kwa fimbo unakuta chini yake barafu nyeusi. Mlima mzima wa kifusi umekaa juu ya barafu, na kifusi hicho kinaifunika isiyeyuke upesi.

Tulipopumzika mara ya kwanza, yule binti alikuja akakaa karibu nami. "Wewe ni kiongozi," alisema.

"Umejuaje?"

"Hujatazama mlima hata mara moja. Unatazama miguu ya wenzako."

Nikamwambia habari za Kibo. Alitaka kujua wagumu wanabeba kilo ngapi, tunafanya nini mtu akipata maji kwenye mapafu, tunalala wapi. Nami nikamuuliza ya bunduki: amewahi kuifyatua? Hajawahi, na anaomba asifyatue kamwe.

Kisha akainama akaanza kupindua mawe bapa ya kijivu, moja moja, kama mtu anayechambua maharage. La tano au la sita akanipa. Lilitosha kiganjani. Upande wake mmoja kulikuwa na jani. Mshipa mkuu katikati, mishipa midogo imetoka kulia na kushoto kwa mpango, ukingo wake mzima, ncha tu imekatika. Nililigeuza kwenye mwanga, mishipa ikang'aa. Jani la mti mpana, hapa ambapo leo mti mrefu kabisa haufiki kifundo cha mguu! Akanieleza kwamba majani hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 50, toka wakati Svalbard ilipokuwa na misitu, na misitu hiyo hiyo ndiyo iliyozikwa ikawa makaa ambayo yule mzee wa chapati aliyachimba. Barafu inayakwangua kutoka mlimani juu na kuyashusha mpaka hapa bila kuyavunja yote. Nililipiga picha, nikalirudisha lilipokuwa, uso wa jani ukitazama juu, ili anayekuja alione.

Kwenye barafu yenyewe tulifunga kramponi. Kwa mbali ni nyeupe, kwa karibu imejaa vishimo, vingine vya upana wa kikombe, vimejaa maji safi na vumbi jeusi chini. Vumbi linashika joto la jua na kuyeyusha kishimo chake. Hivyo nimeviona hata Kibo. Lakini Kibo sijawahi kuona kijito. Pale vijito vinakimbia juu ya barafu kwenye mifereji laini ya buluu, vinajikunja, kisha kimoja kikaingia shimoni na kutoweka. Ukisimama mbali kidogo unasikia maji yakianguka chini ya miguu yako. Majira ya baridi, mifereji hiyo ikikauka, watu wanaingia ndani yake kama mapangoni.

Longyearbreen ni barafu ya pole pole, mwendo wake ni mita chache kwa mwaka. Lakini inakwenda. Theluji inalundikana juu, inashindiliwa na theluji nyingine, inakuwa barafu, uzito unaisukuma kushuka, na ncha inayeyuka. Na si ya kale kama nilivyodhani. Watafiti walioingia chini yake kupitia mifereji ya maji walikuta udongo na mimea bado imesimama mahali ilipoota, ambayo barafu iliifunika kama miaka 1,100 iliyopita. Babu zetu walikuwa tayari wanasafiri baharini na majahazi wakati ukoka wa bonde lile ulipofunikwa.

Niliwaza Kibo muda wote. Barafu yetu imekaa juu ya bapa la kilele, haina pa kwenda. Jua linaila pembeni mpaka kingo zinasimama wima kama kuta, na sehemu kubwa inageuka mvuke bila hata kupita kwenye maji. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lake lilitoweka. Wageni wananiuliza ilifika wapi nilipoanza kazi, nami naonyesha kwa kidole hewani. Sina picha moja ya kuaminika.

Nikamwambia yule binti hilo. Akanipeleka kwenye jiwe kubwa la pembe tatu pembeni mwa barafu. "Kila kiangazi, siku yangu ya kwanza ya kazi na ya mwisho, napiga picha nikiwa nimesimama hapa. Simu ile ile, upande ule ule." Akanionyesha miaka minne mfululizo. Kwenye picha ya kwanza ukingo ulikuwa unagusa mwamba mweusi. Sasa kati ya mwamba na barafu kuna kifusi ambacho mtu anaweza kupiga hema.

Usiku nilikula ndizi ya mwisho na kulala kwa muda wa saa tisa bila kugeuka.

Ijumaa, 22 Agosti: Nordenskiöldbreen

Boti, krona 2,150 pamoja na chakula cha mchana, ni siku nzima kutoka saa 3 asubuhi. Ni ghali. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, hata hivyo, nitakuambia chukua hii, kwa sababu barafu inayofika baharini huwezi kuiona kwa miguu.

Isfjorden ilikuwa tulivu kama Ziwa Chala. Fiodi ni hori refu lililochimbwa na barafu ya kale. Barafu ilipojiondoa bahari ikaingia. Ukishajua hilo unaanza kuliona kila mahali, kuta za milima zimekwanguliwa kwa urefu mmoja, mabonde yana umbo la karai. Ndege wa kijivu walitufuata bila kupiga bawa. Nahodha alitaja sheria mpya iliyoanza Januari 2025: dubu akionekana, chombo kikae mita 300 kutoka kwake, na kuanzia Machi hadi Juni mita 500. Hatukumwona. Mpishi alichoma samaki sitahani, nikaomba sahani ya pili.

Tuliingia Billefjorden, na kwenye pembe yake, Adolfbukta, barafu ikatokea. Nilidhani ni ukungu umekaa juu ya maji. Tulivyosogea ukungu ukapata nyufa. Nordenskiöldbreen inatoka juu sana, kwenye uwanda wa barafu uitwao Lomonosovfonna, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, na inashuka hadi chumvini. Jina ni la Adolf Erik Nordenskiöld, yule aliyepitisha meli ya Vega kaskazini mwa Asia yote mwaka 1878 na 1879. Miamba mieusi imejitokeza mbele yake, mahali ambapo barafu imejivuta ikarudi nyuma.

Maji yalibadilika kwanza. Kutoka buluu yakawa ya maziwa, kisha ya kahawia, maana barafu inasaga mwamba chini yake mpaka unakuwa unga, na unga huo unatoka na maji. Shakwe wengi walikuwa wamejazana pale pale maji machafu yanapochemka, kwa kuwa yanapanda na vidudu vya baharini. Sili mmoja alikuwa amelala juu ya pande la barafu, akatuangalia, akarudisha kichwa.

Nahodha akazima injini.

Hapo ndipo nilipoisikia. Vipande vidogo vilivyotuzunguka vilikuwa vinalia, tsss, tak, tak-tak, kama maandazi yanapotumbukizwa kwenye mafuta. Ni hewa. Theluji ilipoanguka zamani ilinasa hewa kati ya punje zake, uzito ukaibana, na sasa kila kiputo kinapasuka kinapofikiwa na maji. Mpishi alichota kipande kwa wavu akaniwekea mikononi. Kizito, kisicho na weupe, unaona vidole vyako upande wa pili, na ndani viputo vimepangwa mstari kama uzi wa shanga. Nilikibandika sikioni mpaka sikio likafa ganzi.

Uso wa barafu ulikuwa buluu pale ulipokatika karibuni. Barafu iliyobanwa sana inameza mwanga mwekundu na kuacha buluu ipite, ndiyo sababu. Niliona kwanza mstari mweusi, kisha sehemu yenye upana wa nyumba ikainama, ikaenda taratibu, ikaingia majini. Kimya. Ngurumo ikatufikia baadaye, nikaisikia kifuani. Wimbi lilikuja, boti ikapanda na kushuka mara tatu, vipande vyote vikagongana. Mama mmoja mzee aliyekuwa kando yangu alinishika mkono wa koti bila kunijua na hakuuachia mpaka maji yalipotulia.

Ng'ambo ya fiodi kuna Pyramiden, mji wa wachimbaji wa Kisovieti. Ulianzishwa na Waswidi 1910, ukauzwa kwa Wasovieti 1927, ukafungwa 1998. Hatukushuka. Kwa darubini ya nahodha niliona shakwe wamejenga viota kwenye kingo za madirisha, safu juu ya safu, na sanamu ya Lenin inayoitazama barafu. Karibu na hapo, mwaka 2015, watafiti walitangaza visiki vya msitu vilivyogeuka mawe, vya miaka kama milioni 380. Wakati huo nchi hii ilikuwa karibu na Ikweta. Nilikaa na hilo njia nzima ya kurudi: mimi niliyetoka nyuzi tatu kusini mwa Ikweta nimesimama juu ya nchi iliyotoka huko huko, ikasafiri polepole mpaka baridini.

Vaa tabaka zote ulizonazo. Upepo unaotoka kwenye barafu ni mwingine kabisa, na sitahani hakuna pa kujificha.

Jumamosi, 23 Agosti: mlango mlimani

Mvua siku nzima, na begi langu likafika. Nilifua, nikarudisha mabuti, na kanga niliyokuwa nimembebea mdogo wangu ikabaki kwa yule mama Mfilipino. Jina la kanga nilimwandikia kwenye karatasi.

Alasiri tulichanga teksi watu watatu kwenda kuiona hazina ya mbegu ya dunia, krona 130 kila mmoja. Huruhusiwi kuingia. Unaona mlango wa zege uliotokeza kwenye mlima, na ndani mbegu zimetunzwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, sampuli zaidi ya milioni moja kutoka nchi mbalimbali. Nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja. Siku ya ufunguzi, 26 Februari 2008, waliobeba mbegu za kwanza kuziingiza walikuwa Waziri Mkuu wa Norwei Jens Stoltenberg na Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Nilisimama kwenye mvua nikamwaza mama yule wa Nyeri, aliyepanda miti maisha yake yote, akipita mlango huu na kisanduku cha mbegu mkononi.

Oktoba 2016 maji yaliingia kwenye njia ya mlangoni, kwa sababu ardhi iliyotegemewa ibaki imeganda ililegea. Mbegu hazikuguswa. Tarehe 25 Julai 2020 uwanja wa ndege, chini kidogo ya mlango huo, ulipima nyuzi 21.7, joto ambalo Marangu tunaliita siku nzuri.

Jumapili, 24 Agosti, na baadaye kidogo

Ndege iliondoka kwa wakati. Hapo tena pasipoti, swali, muhuri wa kuingia. Mdogo wangu alikuwa amepika wali wa nazi, na mpwa wangu akalala kifuani kwangu tangu saa 2 mpaka saa 4. Kisha Oslo, Addis Ababa, na KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro.

Septemba nilipanda na wageni watano kwa njia ya Machame. Tulifika Stella Point, kwenye ukingo wa kilele, jua likichomoza. Walipokuwa wanakunywa chai nilitembea kidogo kuelekea Uhuru, ncha ya juu kabisa, barafu ya Rebmann ikiwa kushoto kwangu, nikachagua jiwe: lina kimo cha ndoo, juu bapa, limepasuka katikati kutoka juu hadi chini. Nimechukua na mahali pake kamili kwa GPS. Kiongozi yeyote anayetaka aniandikie nimpe, apige picha hapo kila anapopita, simu ikitazama upande ule ule.

Msaidizi wangu aliniuliza mbona picha haina mtu. Nikamwambia asimame kando ya jiwe tupate kipimo. Akavua glavu, akaweka kiganja juu ya ule ufa. Saa 1 na dakika 40 asubuhi, tarehe 11 Septemba 2025.